Jina Lililopoteza Kijiti

Chukua penseli, mwanangu, na kipande chochote cha karatasi. Chora kijiti kifupi kilichosimama. Kando yake chora kingine, kisha viunganishe juu kwa mkunjo mdogo. Hiyo ni n. Rudia hapo hapo pembeni bila kuacha nafasi, upate n ya pili. Hesabu vijiti vilivyosimama: vinne. Sasa chini yake andika m moja, uhesabu tena: vitatu. Halafu andika n zako mbili harakaharaka, kama mtu aliyebakiwa na dakika moja ya mtihani, umpe mwenzako asome. Usishangae akikwambia ameona m.

Kijiti kimoja tu. Lakini kikipungua kwenye jina la mtu, jina limekuwa jingine. Wanaosoma madrasa wanalijua jambo hili kwa njia yao: nukta moja chini ni be, nukta mbili juu ni te, nukta moja juu ni nuni, na nukta ikihama neno nalo limehama. Na sidhani kama kuna ukoo usio na ndugu ambaye jina la kwenye cheti chake cha kuzaliwa si lile analoitiwa chakula nyumbani, kwa sababu siku ile karani alisikia vibaya au alikuwa na haraka.

Ninalotaka kukusimulia leo ni jina la msichana ambalo, kama wanavyoamini wasomi wengi, lilizaliwa hivyo hivyo, miaka mia nne iliyopita mjini London. Jina hilo ni Imogen. Litamke I-mo-jen, sauti ukiikaza kwenye ile I ya mwanzo. Unaweza kumaliza shule ya msingi na sekondari hapa kwetu usikutane na Imogen hata mmoja. Hata Uingereza kwenyewe lilikaa muda mrefu likiwa jina la wachache.

Lilianza na tamthilia. William Shakespeare, aliyezaliwa mwaka 1564 na kufa 1616, ndiye yule ambaye Mwalimu Julius Nyerere alimpenda hata akatafsiri kwa Kiswahili tamthilia zake mbili, moja kuhusu Julius Caesar, nyingine akaiita Mabepari wa Venisi. Karibu na mwaka 1610 Shakespeare aliandika tamthilia iitwayo Cymbeline. Cymbeline ni mfalme wa Britania katika enzi ambazo dola ya Roma ilikuwa ikidai ushuru kwa watawala wa mbali, na alikuwa na binti.

Binti alibaki peke yake nyumbani. Kaka zake wawili waliibwa wakiwa wadogo, yapata miaka 20 nyuma, na hakuna aliyejua waliko. Mama yake alikwisha kufa na mfalme akaoa tena. Mama wa kambo alikuja na mwanawe, kijana mjivuni aitwaye Cloten, akataka amwoze binti wa mfalme ili ufalme uingie mkononi mwake. Lakini binti alikuwa tayari ameolewa kwa siri na kijana yatima waliyekua pamoja katika nyumba ya mfalme, Posthumus Leonatus. Jina la kijana huyu lilitokana na kwamba alizaliwa baba yake akiwa amekwisha kufa. Mfalme alipojua alimfukuza Posthumus nchini, naye akaenda Roma.

Huko Roma, mtu mmoja aitwaye Iachimo alimsikia akimsifu mkewe, akamwekea dau: mimi nitakwenda Britania, nami nitaugeuza moyo wake. Akaenda, akajaribu maneno yake yote matamu, akafukuzwa. Basi akatumia hila. Alimwomba binti amhifadhie kasha la mali kwa usiku mmoja, na binti kwa wema wake akasema liwekwe chumbani mwake lilindike vizuri. Usiku wa manane kifuniko kikainuka. Iachimo mwenyewe alikuwa ndani. Alitoka akanyata, akakariri picha za ukutani na mapambo ya chumba, akaona alama ndogo mwilini mwa yule binti aliyelala, akamvua bangili aliyopewa na mumewe, akarudi ndani ya kasha lake. Alipofika Roma alivitaja vitu hivyo kimoja kimoja. Na Posthumus akaamini.

Hapa mimi hukasirika kila mara. Akaamini! Hakuuliza, hakupanda meli kwenda kumtazama mkewe usoni. Alimwandikia barua mtumishi wao, Pisanio, ampeleke binti njia ya Milford Haven, huko Wales, akamuue. Pisanio hakuweza. Njiani alimpa ile barua aisome mwenyewe.

Jambo analofanya binti baada ya hapo ndilo lililowafanya watu wampende kwa karne nyingi. Analia, ndiyo, lakini halali chini akingoja kufa. Anavaa nguo za mvulana, anatembea peke yake milimani siku mbili, njaa inamuuma, anaingia kwenye pango lisilo na mtu na kula chakula anachokikuta. Wenye pango wanarudi, na badala ya kukimbia anataka kuwalipa. Wanakataa pesa yake. Wale vijana wawili wa pangoni wanampenda ghafla kama ndugu, bila kujua kwamba wao ndio kaka zake walioibwa. Wanapomuuliza jina lake, anajibu kwamba anaitwa Fidele.

Fidele ni mwaminifu. Ameshitakiwa uongo kwamba si mwaminifu, amevuliwa mume, nyumba na hata nguo zake, na jina pekee analochagua kubaki nalo ni lile linalosema ukweli wake. Ingekuwa hadithi ya pwani yetu tungelipata jina hilo karibu: ni Amina, la mzizi mmoja na imani, amana na uaminifu.

Mwishowe kila kitu kinafichuka mbele ya mfalme. Iachimo anakiri, kaka wanajulikana, mume anasamehewa. Anasamehewa mapema mno, kwa maoni yangu, kwa sababu dakika chache kabla ya kumtambua mkewe alikuwa amempiga akaanguka chini, akidhani ni mtumishi tu wa kiume anayemwingilia maneno yake.

Umegundua kwamba sijamtaja huyu binti kwa jina lake la kuzaliwa? Nimelizuia makusudi, maana hapo ndipo penye fumbo.

Shakespeare alipokufa, tamthilia hii ilikuwa haijachapishwa. Ilikuwa kwenye karatasi za kuandikwa kwa mkono tu. Waigizaji wenzake wawili, John Heminges na Henry Condell, walikusanya kazi zake, na mwaka 1623 kikatoka kitabu kikubwa chenye kurasa zipatazo 900 na tamthilia 36. Nusu yake, yaani 18, zilikuwa hazijawahi kuchapishwa, na bila kitabu hicho huenda tusingekuwa nazo leo. Cymbeline ndiyo ya mwisho kabisa kitabuni. Kazi ilifanyika katika kiwanda cha uchapaji cha William Jaggard, ambaye wakati huo alikuwa kipofu, na mwanawe Isaac.

Ujue uchapaji ulivyokuwa. Mpangaji wa herufi alisimama mbele ya trei yenye visanduku vingi vidogo, kila kisanduku na herufi yake ya madini. Jicho moja kwenye karatasi ya mkono, mkono kwenye visanduku, akiokota herufi moja moja na kuzipanga kinyumenyume, kama unavyoona maandishi kwenye kioo. Mwandiko wa siku zile ulikuwa wa vijiti hasa: i ni kijiti, n vijiti viwili, m vitatu, u nayo viwili, na aliyeandika haraka hakujali kuviunganisha vizuri. Mpangaji, au mwandishi aliyenakili kabla yake, alifika kwenye jina la binti wa mfalme. Jina lilikuwa geni. Halikuwa Mary wala Elizabeth, jina ambalo jicho linalijua kabla ya kulisoma. Akaona I, kisha vijiti, kisha ogen. Akaamua ni m. Na akishaamua mara moja, kila mahali lilipotokea tena aliandika vilevile. Imogen.

Tunajuaje kwamba lilikuwa jina jingine? Ushahidi wa kwanza ulitoka kwa mganga. Simon Forman alikuwa London akitibu watu na kuwapigia falaki, na alikuwa na tabia nzuri ya kuandika alichokiona. Mwaka 1611 alikwenda kutazama tamthilia kadhaa, Cymbeline ikiwamo, akaandika kwenye daftari yale yaliyomgusa. Kasha limo, bangili imo, pango limo. Na binti anaitwa Innogen, kwa n mbili. Forman alifariki mwezi wa Septemba mwaka huohuo, miaka 12 kabla ya kitabu kutoka, kwa hiyo hakuwa amesoma jina hilo kitabuni. Alilisikia kwa masikio yake, kutoka midomo ya waigizaji, Shakespeare akiwa hai. Daftari lake lipo mpaka leo katika maktaba ya Bodleian, mjini Oxford.

Ushahidi wa pili ni wa Shakespeare mwenyewe. Tamthilia yake Much Ado About Nothing ilichapishwa mwaka 1600, na maelekezo ya mwanzo yanasema anaingia Leonato, gavana wa Messina, na Innogen mkewe. Mama huyo hasemi neno hata moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Inaelekea mwandishi alimfikiria, akamsahau. Lakini angalia majina yalivyokaa: Leonato na Innogen. Miaka kumi baadaye ni Leonatus na mkewe. Mtu aliyekwisha kuyaweka majina hayo pamoja mara moja aliyaweka pamoja tena.

Ushahidi wa tatu ni wa zamani zaidi, na unatufikisha kwenye maana ya jina. Shakespeare alipotaka habari za wafalme wa kale alisoma kitabu cha historia cha Raphael Holinshed, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1577. Humo yumo Innogen, mke wa Brutus, ambaye masimulizi ya kale yalisema ndiye mfalme wa kwanza wa Britania na kwamba kisiwa kilipewa jina lake. Masimulizi hayo yalikuwa yameenezwa na Geoffrey wa Monmouth, aliyeandika kwa Kilatini yapata mwaka 1136, na kwake jina la mwanamke huyo linaonekana kama Ignoge. Ni binti wa mfalme wa Ugiriki. Brutus alimshinda baba yake vitani, na binti akatolewa aolewe kama sehemu ya mapatano. Geoffrey anaeleza kwamba meli zilipong'oa nanga alisimama nyuma juu, akilia na kuzimia mikononi mwa mumewe, na hakuondoa macho ufukweni mpaka nchi yake ilipozama kabisa. Wanahistoria hawaamini kwamba Brutus aliishi. Lakini yule msichana anayetazama pwani ikipotea mimi namwona kabisa.

Na maana? Wataalamu wa majina wengi hulihusisha na neno la lugha za Kigaeli, za watu wa Ireland na Uskoti, inghean, yaani binti, msichana. Neno hilo bado li hai. Katika Ireland ya leo binti ni iníon, na limejificha hata katika majina ya ukoo: mwanamume akiitwa Ó Briain, binti wa ukoo huohuo ataitwa Ní Bhriain, na hiyo Ní ni ufupisho wa maneno yanayosema binti wa ukoo fulani. Sisi tunaosema Fatuma binti Ali hatuhitaji maelezo marefu hapo.

Kwa hiyo Imogen ni Binti tu. Wengine wakiambiwa hivyo hukunja uso, wanasema kumbe maana yake ni ndogo. Mimi sioni udogo. Kule Pate, Mwana Kupona binti Msham, yule mtunzi aliyemtungia binti yake utendi wa wasia mwaka 1858, alibeba mbele ya jina lake neno mwana, na katika miji ile mwana lilikuwa neno la heshima kwa mwanamke. Mpaka leo tuna Mwanaisha, Mwanajuma, Mwanahamisi. Watu wa visiwa viwili vya mbali, kimoja baridi na kingine chenye minazi, walichukua neno la kumwita mtoto wakalivika taji.

Sasa kitabu kimekwisha kuchapwa, kosa limo, na watu wanasoma. Walisoma Imogen kwa karne mbili bila wasiwasi. Mwaka 1784 William Godwin aliandika hadithi ya mapenzi akaiita jina hilo. Mwaka 1796 Matthew Lewis alitia ndani ya riwaya yake shairi la kutisha la mwanamke aitwaye Imogine, na kuanzia karne ya 19 wazazi wakaanza kuwapa watoto jina hilo. Marekani wengi waliliongezea e mwishoni, Imogene, kama yule mchekeshaji maarufu wa televisheni, Imogene Coca. Imogen Cunningham, aliyezaliwa Portland, jimbo la Oregon, mwaka 1883, alikuwa mpiga picha. Alilisogelea ua moja la magnolia kwa kamera yake mpaka likajaa picha nzima, na alifanya kazi hiyo ya picha mpaka uzeeni, akafariki mwaka 1976 akiwa na umri wa miaka 93.

Na usidhani Imogen yuko peke yake. Kama darasani kwenu yupo Jessica, mwambie kwamba jina lake lilienezwa na Mabepari wa Venisi, ile aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere: humo Jessica ni binti wa mhusika aitwaye Shylock. Kama yupo Cedric, huyo ni ndugu hasa wa Imogen. Mwandishi Walter Scott, katika riwaya yake Ivanhoe, alitaka jina la kale la Waingereza, na inaaminika aligeuza herufi za Cerdic. Cedric akazaliwa.

Mwaka 1986 wahariri wa chuo kikuu cha Oxford, Stanley Wells na Gary Taylor, walitoa toleo jipya la kazi zote za Shakespeare, na ndani yake wakamrudishia binti wa mfalme n zake mbili. Ubishi ukaanza. Wapo waliosema kitabu cha 1623 kimelichapa jina hilo mara nyingi mno kwa m, haiwezi kuwa bahati mbaya. Wapo waliosema hata kama ni kosa, limekwisha kuwa jina la watu, liacheni. Mimi nimesikiliza pande zote, na nakubaliana na Forman: nadhani jukwaani aliitwa Innogen, na kitabu cha tamthilia kichapwe hivyo. Lakini simwelewi mtu atakayemwambia mtoto wa miaka saba kwamba jina analojibu akiitwa na mama yake ni kosa la kiwandani. Anayeitwa na kuitika, hilo ni jina lake.

Yupo Imogen mmoja nimemweka mwisho kwa sababu nampenda kuliko wote. Imogen Holst alizaliwa mwaka 1907 kando ya mto Thames, mtoto pekee wa Gustav Holst, mtunzi wa muziki. Alitamani kuwa mcheza dansi, afya haikumruhusu. Akawa mwalimu wa muziki, kiongozi wa kwaya na mtunzi, akafika hadi India kujifunza nyimbo za kule. Mwaka 1952 alihamia Aldeburgh, mji mdogo wa pwani ya mashariki ya Uingereza, kumsaidia mtunzi Benjamin Britten. Britten alikuwa akitunga opera iitwayo Gloriana kwa ajili ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na habari yake ilikuwa Malkia Elizabeth wa Kwanza, yule aliyetawala Shakespeare alipokuwa kijana.

Kazi ya Imogen ilikuwa kunakili. Britten aliandika noti kwa penseli, kwa kasi, ukurasa juu ya ukurasa, na yeye aliketi naye akiziandika upya kwa usafi ili waimbaji na wapiga ala wazisome. Na noti za muziki, ukizitazama, nazo ni vijiti: vimesimama, vimeunganishwa juu kwa mkunjo au mstari, na kimoja kikipungua, wimbo umeharibika. Mwanamke ambaye jina lake lilitokana na mwandishi aliyekosea kuhesabu, alikaa miaka mingi akihesabu vijiti vya mtu mwingine asikipoteze hata kimoja.

Alifariki Aldeburgh mwaka 1984, akazikwa huko huko, karibu na Britten. Marafiki zake hawakumwita kwa jina lote. Walimwita Imo.

Irudie karatasi yako, mwanangu, uandike hayo maneno matatu: Innogen, Imogen, Imo. Ufunike la katikati kwa kidole, halafu utafute hilo la mwisho ndani ya la kwanza.